Mzee, usingizi wako umekwenda wapi?



 Somo la leo limetoka kwenu wenyewe. Sisi tumeliandika tu.

Ilikuwa hivi. Katika darasa letu moja la waliohitimu kisomo, upande wa Kivinje, tuliwaambia wanadarasa kila mmoja aje na kitu chenye maandishi kutoka nyumbani kwake, tukisome pamoja. Mama mmoja alikuja na mfuko wa salfa ya mikorosho. Mwingine alileta risiti ya umeme. Babu mmoja, mvuvi wa dagaa wa miaka mingi, alitoa mfukoni kifuko kidogo cha plastiki. Ndani mlikuwa na vidonge sita. Juu yake pameandikwa kwa kalamu: 1 x 1 usiku. Basi. Hakuna neno jingine.

"Babu, hii ni dawa gani?"

"Ya usingizi, mwalimu."

"Jina lake?"

"Jina lake ya usingizi! Nilisema dukani silali, nikapewa. Bibi yenu naye anakunywa hiyo hiyo. Zikiisha nafuata nyingine."

Darasa zima lilicheka. Sisi hatukucheka, maana bibi huyo tunamjua. Mwezi uliotangulia alianguka usiku akienda chooni, akaumia mkono. Watu wa nyumbani walisema ni kizingiti, kimekaa vibaya. Hakuna aliyeuliza habari ya vidonge.

Basi tuliacha somo tulilopanga, tukaanza hili.

TUANZE NA HESABU

Tulichukua chaki, tukamwuliza babu mbele ya wenzake.

"Unapanda kitandani saa ngapi?"

"Nikishaswali isha nikala, saa 2 na nusu nimelala."

"Unaamka saa ngapi?"

"Saa 8 ya usiku. Na hapo usingizi ndio kwaheri. Nageuka huku, nageuka huku, mpaka adhana ya alfajiri."

"Na mchana?"

"Mchana silali. Najinyoosha tu ukumbini. Saa 8 mpaka saa 9 na nusu, hivi."

Tukaandika ubaoni. Kutoka saa 2 na nusu usiku mpaka saa 8 usiku ni saa 5 na nusu. Kutoka saa 8 mchana mpaka saa 9 na nusu ni saa 1 na nusu. Jumla, saa 7.

Sasa, wataalamu wa usingizi wanasema mtu aliyepita miaka 65 anahitaji kulala kama saa 7 au 8 kwa siku. Wengine hutosheka na pungufu kidogo. Babu aliuangalia ubao kwa muda mrefu.

"Kumbe nalala?"

"Unalala, babu. Ila usingizi wako umeukata vipande viwili, na kipande kimoja unakila mchana."

Hebu msomaji nawe fanya hesabu yako kabla ya kuendelea. Andika saa unayolala, saa unayoamka, na ule muda wa "kujinyoosha". Usijifiche. Watu wengi wanaotuambia hawalali kabisa, tukihesabu tunakuta wanalala. Lakini wapo ambao hesabu inakataa kweli. Wanapata saa 3 au 4 tu, na mchana kutwa wamechoka, wanasinzia wakiwa wameketi na watu. Hao nao tutawafikia.

USINGIZI UNAVYOKUJA

Usingizi unaletwa na mambo mawili. La kwanza ni njaa ya usingizi. Kila saa unayokaa macho, njaa hii inaongezeka. Ukilala mchana saa moja na nusu ni sawasawa na mtu aliyekula vitumbua vinne saa 12 jioni. Ukimletea wali wa usiku ataubonyezabonyeza tu. Si kwamba anaumwa. Ameshiba.

La pili ni saa iliyo ndani ya mwili. Saa hii inajua usiku na mchana kwa mwanga unaoingia machoni. Giza likiingia, mwili unatengeneza kitu kinachoitwa melatonini, nacho huuambia mwili kwamba sasa ni usiku. Mwanga mkali, hata wa simu iliyoshikwa karibu na uso, unakizuia. Asubuhi jua likikupiga, saa ya mwili inawekwa sawa upya.

Kwa mzee saa hii inasogea mbele. Usingizi unamjia mapema na kumwacha mapema. Tena unakuwa mwepesi. Jogoo, bodaboda, mbuzi wa jirani, wote wanamwamsha, wakati kijana amelala hapo hapo anakoroma. Hiyo ni hali ya umri, kama mvi.

Na huku kwetu kuna jambo jingine. Mvuvi wa dagaa anafanya kazi usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, kwa taa. Zamani ilikuwa karabai, leo ni taa za betri na za jua. Mwezi ukiwa mpevu anapumzika. Mkulima naye msimu wa nafaka anakesha kwenye dungu kulinda nguruwe wasimalize shamba. Mtu aliyeishi hivyo miaka 40 ameizoeza saa yake ya mwili kukaa macho usiku. Akiacha bahari leo, saa haiachi kesho. Babu wetu alipoambiwa hivyo alisema, "Kweli, saa 8 ndio tulikuwa tunavuta nyavu."

Tena kuna kahawa. Hatutaki ugomvi na wauza kahawa wa baraza, maana sisi wenyewe ni wateja. Lakini tusome hesabu hii. Kile kinachochangamsha katika kahawa hukaa mwilini. Baada ya kama saa 5, nusu yake bado imo. Ukinywa vikombe vitatu saa 12 jioni, basi saa 5 usiku ni kama umemeza kikombe kimoja na nusu ukiwa kitandani. Kwa wazee inaweza kukaa zaidi. Chai ya rangi kali nayo ni hivyo hivyo, ingawa kidogo. Tumbaku pia inachangamsha, hata kama mvutaji anasema inamtuliza.

NI NINI KINACHOKUAMSHA?

Hapa ndipo tunaporudi kwa bibi.

Tulimwomba babu arudi dukani akaandikiwe jina la vidonge. Kikarudi kifuko kimeandikwa: diazepamu miligramu 5. Wengi wanaijua kwa jina la Valium. Kisha tulifuatana naye nyumbani kumjulia hali bibi. Mkono ulikuwa bado umefungwa. Tukamwuliza kwa adabu, usiku anaamshwa na nini.

"Mkojo, wanangu. Mara 4, mara 5. Nikirudi kitandani usingizi umekimbia. Ndiyo maana nameza kile cha babu yenu."

Akatuonyesha na dawa zake nyingine, dawa za presha. Kifuko kimeandikwa 1 x 1. Hakikusema asubuhi wala usiku. Bibi alikuwa anameza usiku, pamoja na ile ya usingizi, ili asisahau. Mganga wa zahanati alipoiona alitikisa kichwa. Ile ya presha ilikuwa ya aina inayotoa maji mwilini kwa njia ya mkojo. Hutakiwa kumezwa asubuhi.

Mmeona? Kidonge kimoja kinamwambia bibi inuka ukakojoe. Kidonge cha pili kinaiambia miguu lala. Naye yuko katikati, gizani, anatafuta mlango. Kizingiti kilisingiziwa tu.

Mganga alimhamishia dawa ya presha asubuhi. Baada ya wiki mbili bibi alikuwa anaamka mara moja au mbili. (Tunasema tena: hakujibadilishia mwenyewe. Dawa ya presha haihamishwi wala haiachwi bila kuuliza. Ukiiacha unaweza kupooza.)

Kwa hiyo kabla ya kutafuta dawa ya usingizi, tafuta kinachokuamsha. Mwanamume anayekojoa mara nyingi usiku, mkojo unatoka kwa shida na kukatikakatika, aende akapimwe tezi dume. Mtu anayekojoa sana tena ana kiu isiyokwisha, akapimwe sukari. Anayekosa pumzi akilala chali, akiketi anapata nafuu, na miguu imevimba, asingoje wiki ijayo, maana huenda ni moyo. Kikohozi cha wiki mbili na jasho la usiku kipimwe kifua kikuu. Anayekoroma kwa nguvu kisha pumzi inakata kidogo, inarudi kwa kushtuka, aseme hospitali, maana dawa ya usingizi inaweza kumzidishia hatari. Maumivu ya magoti na kiuno nayo yanatibika kuliko wazee wanavyodhani.

Na kuna huzuni. Wapo wazee waliofiwa na mwenzao wa miaka 50. Kitanda kimekuwa kipana. Wanaamka saa 9 usiku na moyo mzito, chakula hakina ladha, hawataki hata kutoka barazani. Hali hiyo ikipita wiki mbili inaweza kuwa ni ugonjwa, unaitwa sonona, na una matibabu yake. Jamani msimwambie mzee huyo "jikaze". Mpelekeni zahanati, nao watamwelekeza Hospitali ya Wilaya kule Kinyonga, au Sokoine, Lindi, ikihitajika. Akisema anatamani kufa, apelekwe siku hiyo hiyo na asiachwe peke yake.

Mtu aliuliza darasani habari ya jinamizi, ile hali ya kuamka huwezi kusogea wala kupiga kelele, kama umekaliwa kifuani. Hatukuja kubishana na mtu juu ya mashetani. Tunasema tu kwamba madaktari wanaijua hali hiyo. Ubongo umeamka, mwili bado uko usingizini. Inapita baada ya muda mfupi, na huwapata zaidi waliochoka sana na wanaolala saa zisizo na mpango.

SASA TUZIPIME DAWA ZENYEWE

Diazepamu ilianza kuuzwa mwaka 1963 na kampuni ya Roche ya Uswisi. Si sumu. Hospitali huitumia kuzima degedege, na daktari anaweza kumpa mtu kwa siku chache kwa sababu anayoijua yeye. Ni dawa ya cheti cha daktari, inayodhibitiwa kwa sheria. Haikupasa kumfikia babu katika kifuko kisicho na jina.

Ubaya wake kwa mzee tuueleze kwa mtungi. Chukua mtungi wenye tundu dogo chini. Kila usiku unatia kata moja ya maji. Kwa kijana wa miaka 20 tundu ni kubwa. Nusu ya dawa huondoka mwilini kwa muda wa kama saa 20. Kwa mzee wa miaka 80 tundu limeziba. Nusu ile ile inachukua kama saa 80, yaani zaidi ya siku 3. Sasa yeye anatia kata leo, anatia kesho, anatia keshokutwa, na ya leo bado imo nusu. Mtungi unajaa. Wiki ya pili mzee anatembea mchana kama mlevi, anasahau majina ya wajukuu, anaanguka. Watu wanasema, "Uzee umemfika." Si uzee. Ni mtungi umejaa.

Mzee akianguka anavunjika nyonga. Anayevunjika nyonga mara nyingi hainuki tena kama alivyokuwa. Ndiyo sababu daktari mmoja wa Marekani, Mark Beers, pamoja na wenzake, mwaka 1991 walitoa orodha ya dawa ambazo wazee wasipewe ovyo. Orodha hiyo hurekebishwa mara kwa mara, na jamii hii ya diazepamu imo.

Jambo la pili ni mazoea. Ukiinywa kila siku kwa wiki kadhaa, mwili unaizoea. Kidonge kimoja hakitoshi tena, unataka viwili. Na ukiiacha ghafla usingizi unakimbia kabisa, mikono inatetemeka, wengine hushikwa na degedege. Kwa hiyo, wewe unayesoma hapa na umekuwa ukiinywa kwa miezi, USIITUPE LEO. Nenda kwa mganga akupunguzie kidogo kidogo. Bibi yetu alikuwa ameinywa zaidi ya mwaka. Alipunguziwa kwa wiki nyingi, na usiku wa kwanza kwanza alilalamika sana.

Kuna wanaosema, "Mimi sinywi Valium, nakunywa Piriton tu, ile ya mafua." Kweli, Piriton inaleta usingizi, ila hilo ni tatizo lake, siyo kazi yake. Kazi yake ni mwasho na mafua. Kwa mzee inakausha mdomo, inafunga choo, inachafua kumbukumbu. Mwenye tezi dume inaweza kumfunga mkojo kabisa, akakimbizwa hospitali kuwekewa mpira.

Pombe je? Msimu wa mabibo uraka ni mwingi, na tembo la mnazi lipo. Pombe inakulaza upesi, hatukatai. Lakini kazi yake ikiisha, usiku wa manane inakuamsha na kichwa kizito na kibofu kimejaa. Na pombe pamoja na dawa ya usingizi, hapo hakuna mzaha. Pumzi inaweza kusimama mtu akiwa amelala.

Kungumanga kidogo katika uji au maziwa ya moto, kama bibi zetu wanavyofanya, halina neno. Ila mtu asiseme kidogo kikifaa kingi kitafaa zaidi. Vijiko viwili vya chai vya unga wa kungumanga vinatosha kumwingiza mtu matatani. Moyo unakwenda mbio, anaona mambo yasiyopo.

Mijini sasa kuna vidonge vya melatonini. Mtoto aliyeko Dar es Salaam au Muscat anaweza kumletea mzazi. Havina hatari kama ya diazepamu, lakini faida yake kwa watu wengi ni ndogo. Vinawahisha usingizi kwa dakika chache tu. Kabla ya kuvinunua mwambie mganga, hasa kama unatumia dawa nyingine.

BABU ALIFANYA NINI

Mwaka 2016 chama cha madaktari bingwa wa Marekani kilitoa mwongozo kwamba mtu mzima asiyelala muda mrefu aanze kutibiwa kwa kubadilisha mazoea ya kulala, kabla ya dawa. Wataalamu wa kufundisha jambo hilo ni wachache huku kwetu. Lakini mengi yake yanaweza kufanyika nyumbani, bila senti tano.

Vile vidonge babu alikuwa akivimeza mara moja moja tu, siyo kila siku kama bibi, kwa hiyo mganga alimruhusu kuviacha. Kisha tulikubaliana naye hivi. Mchana alale dakika 20 au 30 tu, na iwe kabla ya saa 9. Mjukuu amwamshe. Kahawa mwisho alasiri. Usiku asipande kitandani mpaka saa 4 na nusu, na aamke saa 11 alfajiri kila siku, hata kama amelala vibaya.

"Saa 4 na nusu!" alisema. "Nifanye nini muda wote huo?"

Tukamwuliza nyavu za mwanawe nani anazishona. Akanyamaza.

Akikaa kitandani kama dakika 20 bila usingizi, ainuke. Asilale akigeukageuka, maana kitanda nacho kinajifunza kuwa mahali pa kukesha. Aketi ukumbini kwenye mwanga mdogo, alete nyiradi zake, au asuke kamba, arudi usingizi ukimjia. Simu aiache mbali. Saa ya ukutani asiiangalie. Asubuhi atoke nje jua likichomoza, atembee mpaka pwani. Chandarua kishonwe matundu.

Kupunguza muda wa kitanda si kwa kila mtu. Mwenye kifafa, na mzee dhaifu sana, amwulize mganga kwanza. Na hata mwenye afya asijipunguzie chini ya saa 5 au 6.

Wiki ya kwanza babu alitutukana kidogo. Wiki ya nne alileta daftari. Alikuwa ameandika kila siku mwenyewe, kwa mkono wake: saa ya kulala, saa ya kuamka, mara ngapi ameamka, kahawa ngapi. Bado siku nyingine anaamka saa 9 usiku. Lakini siku nyingi kalamu yake imeandika saa 11. Siku mbili ameandika "khitma", siku moja "ngoma ya jirani". Ramadhani mpango huo ulivunjika wote kwa ajili ya tarawehe na daku, akauanza upya baada ya Idi.

Bibi naye amewekewa ndoo chumbani ili asitoke nje usiku, na tochi chini ya mto. Kizingiti mwanawe amekiondoa vilevile.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Bibi analala saa 3 usiku, anaamka saa 9 usiku. Mchana analala saa 7 mpaka saa 8 na nusu. Jumla amelala saa ngapi? Je, amekosa usingizi?

2. Nyumbani kwako kuna kifuko cha dawa kisicho na jina? Kilete. Ukienda dukani au zahanati siku nyingine, utaomba paandikwe mambo gani? (Tuanzie hapa: jina la dawa, ya ugonjwa gani, kiasi gani, asubuhi au usiku, kwa siku ngapi.)

3. Katika kijiji chako, mzee akianza kuanguka au kusahau, watu husema nini? Nani huuliza anameza dawa gani?

4. Muuza kahawa wa baraza lenu anapita saa ngapi? Abadilishe saa yeye, au wazee?